Haba na Haba, Lakini Kibaba cha Nani?

Jioni moja ya Septemba 2023, saa moja na nusu hivi, Mama alinipigia simu kutoka Butali. Mama hanipigii saa hizo. Saa hizo ni za kusonga ugali.

"Mwanangu," akasema, "sanduku limekataa."

Nikamuuliza limekataaje.

"Limewaka kataa kekundu, halafu giza. Kukhu amerudisha koroboi. Na huyu mtoto ana mtihani kesho."

Huyu mtoto ni mdogo wangu, wakati huo kidato cha nne, KCSE ikibisha hodi. Sanduku ni lile la sola nililomnunulia Mama Krismasi ya 2022, kwa mpango wa lipa pole pole. Halikuwa limeharibika. Paneli ilikuwa juu ya mabati, jua la Kabras lilikuwa limewaka tangu asubuhi, na betri ilikuwa imejaa. Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa Umoja, Nairobi, mshahara umechelewa, na kwa siku nne sikuwa nimetuma shilingi 60. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilikuwa imelizima sanduku kutoka mbali.

Hebu liweke hilo kichwani vizuri. Betri imejaa, taa ni nzima, jua ni la Mungu, na mtoto anasomea koroboi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba majuma machache kabla ya hapo nilikuwa najigamba. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani. Mimi nilikuwa kitandani nikihesabu asilimia za simu, nikampigia Mama, naye akacheka: "Sisi huku tunatazama habari." Kesho yake niliwaambia watu wa kazini kwamba nyumbani kwetu hatutegemei mtu. Ningejua, ningenyamaza.

Nataka kusema jambo moja, na nataka kuliambia watu wa aina yangu, sisi tulioko mjini tunaotuma vitu ushago. Sola si ghali. Ghali ni namna tunavyoinunua. Na wanaoinunua vibaya si wazazi wetu. Ni sisi, tuliosoma, tunaojua kuzidisha, lakini tukiona shilingi 60 kwa siku tunasahau kuzidisha.

Nakumbuka siku ile ya Krismasi. Wauzaji walikuwa wameweka meza kando ya barabara kuu, ile inayotoka Kakamega kwenda Webuye, na magari ya miwa yalikuwa yakipita nyuma yao. Kijana mmoja mwenye fulana ya kampuni aliniambia, "Bro, ni bei ya maandazi na chai. Haba na haba hujaza kibaba." Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye hekima. Deposit shilingi 3,500, halafu shilingi 60 kila siku kwa siku 600. Paneli ya wati 30, betri ndogo, taa tatu, tochi, redio, na TV ya inchi 24.

Sasa tuzidishe. Sitini mara 600 ni 36,000. Ongeza deposit, unapata 39,500. Kwa paneli ya wati 30! Kijana yule hakudanganya popote. Kibaba kweli kilijaa, ila hakikuwa chetu. Kwetu methali iliyofaa ilikuwa ile nyingine: bandu bandu huisha gogo.

Najua utakavyonijibu, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi. Utasema mimi ni mtu wa mjini ninayedharau mpango uliowatoa maskini kwenye koroboi. Hapana. Nimekulia koroboi. Najua harufu ya mafuta taa kwenye daftari, na najua kamasi jeusi la asubuhi. Kampuni kama M-KOPA zilipoingia sokoni mwaka 2012, zikaunganisha sola na M-Pesa, zilifanya jambo ambalo benki hazikuwahi kutaka kulifanya: zilimkopesha mtu asiye na payslip wala hati ya shamba. Hilo nalitambua. Mkopo ni huduma, na huduma hulipiwa. Ila anayelipa ana haki ya kujua analipa ngapi, na kwa kitu gani. Bei ya siku imebuniwa ili usijiulize maswali hayo mawili.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wanalijua na sisi tunajifanya hatulijui. Malipo ya kila siku yanamfaa mtu anayeshika pesa kila siku. Mwendesha boda anashika. Mama mboga wa Malava anashika. Lakini Butali ni nchi ya miwa. Muwa unakaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa. Pesa yake huja kama mvua ya kwanza: yote mara moja, ikichelewa, na ikiwa tayari ina wenyewe. Na mwaka huo wa 2023 hata hiyo haikuja. Mwezi wa Julai serikali ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vya magharibi kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imepungua. Mama alikuwa na ekari moja na nusu imesimama shambani. Kiwanda kimefungwa, muwa haukatwi, lakini sanduku linataka sitini zake kila asubuhi. Kiwanda kinaweza kumwambia mkulima asubiri miezi minne. Mkulima hawezi kuliambia sanduku lisubiri siku nne.

Kwa hivyo swali la kwanza la anayetaka sola ya nyumbani si "ni kampuni gani nzuri?" Ni hili: pesa ya nyumba hii huingia vipi? Kwa siku, kwa mwezi, au kwa msimu? Ukinunua kinyume na hapo, utanunua aibu. Nami ndiyo niliyomnunulia Mama. Sauti yake jioni ile haikuwa ya mtu aliyekosa mwanga. Ilikuwa ya mtu ambaye majirani wameona taa zake zikizimwa.

Swali la pili ni la wati-saa, na hapa naomba usikimbie. Hesabu yake ni ya darasa la sita. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazotumika. Nyumba ya Mama: balbu nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Simu tatu, kila moja kama 15, ni 45. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. TV ya wati 20 kwa saa nne ni 80. Jumla ni wati-saa 255 kwa siku. Basi. Hayo ndiyo mahitaji yote ya nyumba ya watu wanne Butali, ukitoa moto wa kupikia, ambao sola ndogo haiuwezi. Mtu akikuambia paneli yake ndogo itapiga pasi na kuchemsha chai, mshukuru, uondoke.

Paneli nayo inatoa nini? Kwetu hesabu saa tano za jua zuri kwa siku ya kawaida, halafu toa karibu thuluthi inayopotea kwenye joto, nyaya na betri. Paneli ya wati 100 itakupa kama wati-saa 350. Inatosha na kubaki. Ile ya wati 30 itakupa kama 100. Ndiyo maana kwetu TV ilikuwa inajizima katikati ya habari na sisi tukidhani ni mtandao. Haikuwa mtandao. Tuliuziwa TV isiyo na jua la kuilisha.

Msimu wa mvua, hesabu saa tatu badala ya tano. Na anayekaa Kakamega anajua mvua ya huku hupenda kuja alasiri, kwa hivyo jua la kutegemea ni la asubuhi. Kama upande wa mashariki wa nyumba kuna mwembe au mikaratusi, ama paneli ihame ama tawi likatwe, kwa sababu kivuli cha tawi moja tu kinaweza kula sehemu kubwa ya umeme. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo paneli haihitaji kusimama sana. Mwinamo kidogo unatosha, mvua iioshe vumbi. Na fundi asipotaja waya wa kuzuia radi katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, ambao ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, tafuta fundi mwingine. Mafundi wa sola wanatakiwa kuwa na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe. Si ujeuri, ni nyumba yako.

Tuje kwenye betri, maana pesa huishia hapo. Bei ya paneli duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2010 na 2020. Paneli si tatizo tena. Tatizo ni kwamba watu wengi huku bado wanaambiwa wachukue betri ya gari "kwa kuanzia". Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, basi. Ukiinyonya polepole usiku kucha, kila usiku, unaiua. Ile betri ya maji iliyotengenezewa sola ni afadhali, lakini nayo haitaki kushuka chini ya nusu. Niliulizia bei mwenyewe, Luthuli Avenue na Kakamega mjini. Ya ampea-saa 50 niliambiwa 8,500. Ukitumia nusu yake unapata wati-saa 300. Ikitunzwa vizuri ina miaka miwili hivi. Lithiamu ya ampea-saa 30, ile ya fosfeti, niliambiwa 13,500. Inakupa karibu zile zile 300, kwa sababu unaweza kuitumia hadi asilimia 80, na ikiwa ya kweli inajazwa na kutumika mara elfu mbili na zaidi. Kwa miaka minane, betri za maji nne ni shilingi 34,000. Sasa niambie ipi ni ya maskini na ipi ni ya tajiri.

Kwa bei hizo hizo nilizopewa: paneli ya wati 100, shilingi 5,500. Kontrola inayokubali lithiamu, 1,500. Betri, 13,500. Balbu, nyaya na swichi, 3,500. Fundi, 2,000. Jumla 26,000. Ukitaka na TV ya inchi 24 isiyohitaji inveta, ongeza 9,500, ufike 35,500. Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hivyo usinishikie nambari. Shika mlinganisho. Kwa pesa pungufu ya ile niliyolipa, Mama angepata umeme zaidi ya mara tatu, vipuri vinavyopatikana mjini, na mtambo ambao hakuna mtu wa kuuzima akiwa ofisini.

Nitakuwa mwongo nisipotaja stima. Wapenzi wa sola huwa hawapendi hesabu hii. Wati-saa 255 kwa siku hazifiki uniti 8 kwa mwezi. Hata ukihesabu shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi na makato, ni shilingi 240. Mimi nilikuwa nalipa 1,800 kwa mwezi. Ni kweli, ndani ya hizo 1,800 kuna vifaa ambavyo mwishowe vinakuwa vyako, lakini pengo bado ni kubwa mno. Mpango wa Last Mile, ulioanza 2015, ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 za transfoma. Kama nguzo iko hapo kwenye lango lenu, anza na stima, halafu weka sola ndogo ya kukuokoa ikipotea. Kwetu nguzo iko ng'ambo ya mashamba ya watu watatu, na dhoruba ikipiga laini hulala siku kadhaa. Sola ilitufaa. Ila ilitufaa kwa sababu ya mahali tulipo, si kwa sababu ya tangazo. Ajabu ni kwamba viwanda vya sukari vyenyewe huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wa mitambo yao. Muwa wa Mama unawasha taa za kiwanda kabla ya kuwasha za Mama.

Na TV? Hapo ndipo tulipokamatwa. Mtafiti Arne Jacobson aliandika mwaka 2007, katika jarida la World Development, kwamba sola ya vijijini Kenya ilikuwa ikinunuliwa zaidi na tabaka la kati, na kwamba ilisukumwa zaidi na TV, redio na simu kuliko masomo ya watoto au biashara. Wakati huo watu walinunua paneli ndogo dukani kwa keshi, kipande kwa kipande: leo paneli, mwakani betri kubwa zaidi. Simlaumu mtu kwa kutaka TV. Mama alilea watoto watano. Akitaka kutazama tamthilia, atazame mpaka achoke. Lakini TV ni TV. Ukifungwa nayo kwenye mkataba mmoja na taa, ukishindwa kulipia tamthilia unazimiwa pia taa ya kusomea. Mimi ningeanza na taa na simu, TV ije baada ya mavuno. Wale wa zamani walikosea mengi, na waliuziwa paneli mbovu, lakini hakuna aliyewazimia jua.

Kwa hivyo nadai nini? Kwa wauzaji: andikeni bei yote kwenye boksi, kwa herufi kubwa kama ile sitini. Sheria yetu ya hire purchase, Sura ya 507, tangu zamani inajua kwamba mnunuzi anapaswa kuonyeshwa bei ya keshi. Andikeni na wati-saa kwa siku, si "inatosha familia nzima". Pangeni malipo yanayofuata msimu wa mkulima. Mnaijua kalenda ya miwa kuliko mnavyojifanya. Na mtu akichelewa, zimeni TV, acheni taa moja. Waliobuni kufuli ya kuzima yote hawatashindwa kubuni ya kuacha moja.

Kwetu sisi wa mjini, dai langu ni fupi: tuache kuwatumia wazazi madeni tukiyaita zawadi. Mimi nilipiga picha na lile sanduku. Nikapost. Watu wakaniambia "baraka kwa mama". Hakuna aliyeniuliza jina la nani liko kwenye mkataba. Lilikuwa la Mama.

Utasema, sawa, lakini 26,000 kwa mkupuo nitazitoa wapi? Ni swali la haki. Nililipeleka kwa Mama mwenyewe, nikidhani namfundisha hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si ndiyo kazi ya chama?" Wanawake kumi na watatu, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni 26,000. Kila mwezi nyumba moja inapata mtambo mzima. Ni shilingi 200 tu zaidi ya nilizokuwa nalipa kwa mwezi, na yanaisha kwa miezi 13 badala ya 20. Nikamwambia tatizo ni la yule wa mwisho, atakaa gizani mwaka mzima. Nikamwuliza pia mwezi ambao muwa haujalipwa itakuwaje. "Mtu akikwama tunakaa, tunaongea," akasema. "Sanduku lako lilikuwa linaongea?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu halikuwa linaongea. Lilikuwa linawasha kataa kekundu.

Nilimaliza kulilipa lile sanduku mwaka 2024, na fidia ya siku zilizozimwa juu yake. Betri yake sasa haifiki saa mbili usiku. Chama cha Mama kimeshafunga nyumba saba. Ya kwetu ilikuwa ya tano. Mama alikataa kuwa wa kwanza kwa sababu jirani ana mtoto mchanga. Mdogo wangu alifanya mtihani wake, akapita kiasi chake, na akirudi likizo yeye ndiye hupanda juu ya mabati kupangusa paneli.

Kukhu bado ameweka koroboi juu ya kabati. Nilipomwambia aitupe alinitazama kama mtoto. "Hii," akasema, "haijawahi kunidai."

Kabla hujatuma deposit, chukua simu yako, fungua kikokotoo, uzidishe.